Maua ya Namba Arobaini na Moja

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa halijapata nguvu, mimi nilikuwa nimeshavaa viatu vya kupandia mlima, nimeshaning'iniza penseli mbili shingoni kwa uzi, na nimeshamgombeza shangazi yangu kwa kuchelewa. Shangazi ni fundi cherehani. Anaweza kumaliza gauni la harusi kwa siku mbili, lakini kutafuta soksi zake mwenyewe humchukua nusu saa.

"Mlima hauhami," alizoea kuniambia.

"Mlima hauhami, lakini Mwalimu hangoji," nami nilizoea kumjibu.

Tulikuwa kikundi cha watu wa kujitolea. Mwalimu, mtaalamu wa mimea kutoka chuo, alitaka kila mmea unaoota wenyewe mlimani kwetu ukusanywe, utambuliwe na kuhifadhiwa. Sisi tulikuwa mikono na miguu yake. Alikuwepo shangazi, alikuwepo muuguzi wa zahanati, na alikuwepo mzee fundi viatu ambaye karakana yake inatazamana na maktaba. Nami nilikuwepo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri kuliko wa wote. Kwa ajili ya mwandiko huo waliniita Karani. Jina hilo lilinipendeza mno, na naamini ndilo lililoniotesha mapembe.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kule mlimani, kila mmea tuliouchukua ulifungiwa kikaratasi chenye namba. Mimi niliandika daftarini namba hiyo, mahali ulipoota, aina ya udongo na rangi ya ua, kwa sababu rangi hupauka ua likikauka. Tukirudi mchana, tuliingia chumba cha nyuma cha maktaba. Kila mmea ulilazwa ndani ya karatasi iliyokunjwa, karatasi zikapangwa moja juu ya nyingine kati ya mbao mbili, kisha mbao zikakazwa kwa mikanda. Kesho yake karatasi zilizolowa ziliondolewa na kuwekwa kavu, vinginevyo mimea ingeota ukungu. Chumba kilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao fundi viatu, ambaye alibadilisha karatasi kila Jumapili. Wa pili nilikuwa nao mimi, nikabadilisha siku zilizofuata baada ya shule.

Tulitumia magazeti ya zamani, nami sikuyapenda hata kidogo. Wino wake ulichafua vidole. Shangazi alikuwa na majarida ya mitindo, yenye karatasi nzito zinazong'aa kama sahani iliyooshwa. Nikayachana, nikalaza ndani yake mimea niliyoivumbua mimi. Nilitaka Mwalimu akifungua, ajue mara moja ipi ni kazi ya mtu nadhifu.

Fundi viatu aliichukua karatasi yangu moja, akaipapasa kwa kidole gumba kama apimavyo ngozi. "Karani," alianza, "hizi karatasi..."

"Babu, wewe tuachie viatu," nikamkatiza. "Karatasi niachie mimi."

Muuguzi akaangua kicheko. Fundi akairudisha karatasi mezani na kwenda kukaza mikanda.

Jumatatu yake nilifungua mbao. Namba arobaini na moja ilikuwa mmea mdogo wa maua ya buluu, niliouona mimi kabla ya wote kwenye ufa wa mwamba. Sasa ulikuwa umelala ndani ya gazeti la kawaida, na ua lake halikuwepo. Palibaki kijiti na majani. Karatasi yangu inayong'aa nayo ilikuwa imetoweka. Nikafungua mimea yangu mingine miwili. Mmoja haukuwa na ua hata moja, wa pili ulibakiwa na nusu ua. Mimea ya wenzangu ilikuwa mizima kabisa.

Nilijua maana ya hasara ile. Mmea usio na ua ni vigumu sana kuutambua. Lakini sikufikiria mmea kwa muda mrefu. Nilimfikiria mtu. Chumba kilikuwa na funguo mbili, mmoja ulikuwa mfukoni mwangu, na hesabu ya moja na moja niliijua tangu chekechea.

Juma la pili mambo yakawa yale yale. Niliweka mimea minne katika karatasi zangu nzuri. Jumatatu nikaikuta yote ndani ya magazeti, maua yameng'olewa. Ya wenzangu hayakuguswa. Nikakimbilia zahanati kumwambia muuguzi.

"Mbona ni ya kwako tu?" aliuliza, huku akikunja bendeji.

"Ndiyo hapo sasa. Ananionea kijicho. Au anayauza."

Muuguzi aliacha kukunja. "Wapo watu wanaouza mimea ya mlimani kwa jina la dawa. Waliodhurika huletwa hapa hapa. Na babu yule haongei sana."

"Mtu asiyeongea ana la kuficha," nikasema. Maneno hayo niliyatunga pale pale, nikaona nimesema jambo kubwa.

Jumamosi iliyofuata niliweka mingine miwili kama chambo, mmoja wa buluu, na Jumapili nikajificha nyuma ya tangi la maji la maktaba. Nilimwona fundi akiingia. Baada ya muda alitoka na bunda la karatasi ndani ya koti. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Leo najua kwamba mtu yeyote mwenye akili hutazama hivyo kabla ya kuvuka barabara. Siku ile niliapa kwamba nimeyaona macho ya mwizi.

Alivuka, akaingia karakanani na kufunga mlango. Nikanyata hadi dirishani. Juu ya benchi, palipokuwa pakikaa nyundo na gundi, alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Birika lilikuwa likifuka mvuke. Fundi alikuwa ameinama, koleo ndogo mkononi, akipanga kitu kimoja kimoja juu ya kitambaa. Vilikuwa vipande vya maua. Vya buluu.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamsimulia shangazi yote, hata yale ambayo sikuyaona.

"Umemuuliza?" shangazi akasema, pini mdomoni.

"Shangazi, mwizi anaulizwa?"

"Kwani umeshajua kuwa ni mwizi?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Umeona mtu na maua. Vuka barabara ukamuulize."

Nikanuna. Nilidhani shangazi anamtetea kwa kuwa ni fundi mwenzake. Ningevuka barabara siku ile, hadithi hii ingekuwa fupi, nami ningebaki na heshima yangu. Badala yake, kesho yake shuleni nilimnong'oneza rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nilimwambia asimwambie mtu. Naye alimwambia mama yake tu.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu alituma ujumbe kwamba amezuiwa chuoni, tupande bila yeye. Tukakutana mlangoni pa maktaba. Fundi alikuwa wa kwanza kufika, kama kawaida, mbao mpya za kukaushia zimefungwa mgongoni.

Muuguzi alikohoa kidogo. "Babu, samahani. Tunaomba ufunguo wako ukae kwa Karani kwa muda."

"Kuna nini?"

"Maua yanapotea."

Mzee alitutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Na mimi ndiye ninayeyapoteza?"

"Jamani," shangazi akaingilia, "mtu hajaulizwa, hajasikilizwa..."

"Lisemwalo lipo," muuguzi akasema, lakini alisema huku akitazama viatu vyake.

Mimi nilijifanya nakagua daftari langu. Fundi aliufungua ufunguo kutoka kwenye kamba ya kiunoni. Ile kamba ilikuwa na fundo gumu, ikamchukua muda, nasi tukasimama tu tukimwangalia. Akauweka juu ya daftari langu. Akateremsha mbao, akaziegemeza ukutani.

"Nina viatu vya watu vinaningoja," akasema, akaondoka.

Siku hiyo tulipanda bila mzee. Fundi ndiye aliyekuwa akitangulia kwenye miamba yenye utelezi na kutuonyesha pa kukanyaga, na muuguzi aliteleza mara mbili. Nilitarajia kujisikia kama mshindi. Nilijisikia kama mtu aliyemeza kitu bila kutafuna. Hata hivyo tulipofika kwenye mwamba ule, niliikuta mimea yangu ya buluu ikiwa bado na maua, mingi tu, ingawa msimu wake ulikuwa unaishia. Nikauchukua mmoja na kuuandika upya. Mchana nikaulaza ndani ya karatasi inayong'aa kuliko zote. Nikajiambia kwamba safari hii uko salama.

Jumapili nilikwenda kubadilisha karatasi mwenyewe. Nilifungua mlango kwa ufunguo, nikajifungia kwa ndani, ufunguo wa pili ukiwa mfukoni. Nikalegeza mikanda. Nikaifikia karatasi yangu, nikaifunua polepole.

Ua lilibaki kwenye karatasi.

Lilikuwa limeng'ang'ania pale, limelowa, limeganda juu ya picha ya mwanamke mwenye kofia. Nilipoinua karatasi, mmea ulibaki chini na kijiti chake kitupu. Nikaipapasa ile karatasi. Ilikuwa na maji juu yake, yametuama. Haikunywa hata tone. Nikafungua gazeti lenye mmea wa shangazi lililokuwa chini yake, ua lake likaachia lenyewe, kavu upande mmoja na zima.

Nilikaa kwenye kigoda. Humo chumbani hapakuwa na mtu mwingine. Sikuwa na wa kumshuku isipokuwa mimi, na kwa wiki tatu nilikuwa nimemshuku mtu mwingine.

Nitasema ukweli wote, maana nusu yake haisaidii. Jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa kumwomba radhi mzee. Nilifikiria kuikunja ile karatasi, kuitupa, kuanza kutumia magazeti na kunyamaza. Maua yangeacha kupotea. Kila mtu angesema, mnaona, tangu aondoke fundi mambo yametulia. Nilikwisha kuikunja mara mbili. Kisha nikaona wazi kwamba nikinyamaza, mzee atakuwa mwizi maisha yake yote, na kila siku nitakayokwenda maktaba nitapita mbele ya mlango wake. Nikaikunjua karatasi, nikavuka barabara.

Fundi alikuwa ndani ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Hakuwa akishona. Alikuwa amekaa tu, mbele ya rafu ya viatu yenye nafasi tupu tatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Hakuniambia karibu, wala hakuniambia toka.

Nikaiweka karatasi mbele yake, pamoja na ua lake. "Ni mimi," nikasema. "Ni karatasi zangu. Hazikaushi." Nilikuwa nimepanga kusema mengi zaidi, lakini machozi yaliyatangulia.

Aliipapasa kwa kidole gumba. Kisha akavuta droo na kutoa bahasha ndogo alizozikunja mwenyewe kwa magazeti. Tisa. Juu ya kila moja aliandika namba kwa penseli. Nikaifungua yenye arobaini na moja. Ndani yake lilikuwemo ua langu la buluu, lililokauka, petali zake zote zikiwepo.

"Nililibandua kwa mvuke," akasema. "Gundi ya viatu huachia hivyo, nikaona nijaribu. Mengine yamechanika kidogo. Namba nilizisoma kwenye vikaratasi vyako. Mwandiko wako unasomeka."

"Mbona hukuniambia, babu?"

"Nilianza kukuambia, ukanikatiza mbele ya watu." Akajifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa michafu. "Nami nilinuna. Mtu mzima kama mimi, nikasusa. Nikasema akija kuuliza nitampa, na asipouliza shauri yake. Hapo nilikosea, sitaki kukudanganya."

"Na jana? Ungewaeleza tu."

"Ningesema nini? Kwamba mtoto ndiye aliyekosea, si mimi? Nani angeniamini, na ufunguo umeshaombwa?" Akaelekeza kidole kwenye rafu. "Jana jioni mama mmoja alikuja kuchukua viatu vyake vya kahawia. Sikuwa nimevishona. Akasema basi, atatafuta fundi mwingine. Asubuhi hii wamekuja wengine wawili. Hawakusema kwa nini. Hawakutaka hata kuniangalia."

Mama huyo wa kwanza nilimjua kwa viatu hivyo vya kahawia. Alikuwa mama wa rafiki yangu.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Jumamosi Mwalimu alikuwepo, amekwisha kusikia kwamba fundi hayupo. Nilikuwa nimemsihi mzee aje, naye alikuja ila alisimama mbali, kando ya ukuta. Nilisimama mbele ya wote, nikaionyesha karatasi ile, kisha bahasha tisa. Nikasema nilivyomkatiza, nilivyojificha, nilivyomwita mwizi, na kwamba sikumuuliza hata siku moja. Sikumtaja muuguzi, lakini yeye alijitaja.

"Mimi ni mtu mzima," akasema. "Karani alinieleza alichodhani, mimi nikakifanya kuwa hukumu. Babu, nisamehe."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Nikampelekea ufunguo kwa mikono miwili. Akaufunga kwenye kamba yake, mara hii fundo likakubali haraka.

Mwalimu hakunikemea. Alichukua daftari langu na kulifungua. "Karani, ukiletewa mmea usioujua, unaandika jina gani?"

"Siandiki. Naacha nafasi."

"Na unaandika nini?"

"Nilichokiona. Majani, shina, ua, mahali ulipoota."

"Jina je?"

"Mpaka tuchunguze kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu jina likikosewa, kila atakayesoma baadaye atakosea."

"Vizuri. Ulimwona mtu akivuka barabara na karatasi, ukamwona akipanga maua. Hayo ungeyaandika, yangekuwa kweli. Neno mwizi hukuliona popote, ulilijaza wewe. Majani unayapa siku kumi za uchunguzi, na huyu ambaye anakushika mkono kwenye miamba hukumpa hata swali moja." Akafunga daftari. "Umewaambia watu wangapi?"

"Wawili, na shangazi."

"Na hao wamewaambia wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Basi mlima utakungoja," akasema. "Leo kazi yako iko mjini."

Nilikwenda na shangazi, nyumba kwa nyumba. Rafiki yangu alinitajia waliosikia kutoka kwa mama yake, na kila mmoja wao akataja mwingine. Nyumba ya kwanza nilisema huku nikitazama sakafu. Nyumba ya tatu nilijifunza kumtazama mtu usoni. Wengine walinisikiliza vizuri. Mwanamume mmoja alinicheka, akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni uongo, ingawa viatu vyake alikuwa ameshavichukua. Kufikia nyumba ya sita koo lilikuwa limenikauka.

"Kumpaka mtu matope kulikuchukua muda gani?" shangazi aliniuliza njiani.

"Dakika moja, shangazi. Wakati wa mapumziko."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa saa tisa alasiri, na bado zilibaki nyumba mbili. Shangazi alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa ameacha kulifanya tangu nilipotimiza miaka kumi.

Mama wa rafiki yangu tulimwacha mwisho, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipomaliza, alishika mlango, nikadhani atanifungia. Kisha akaingia ndani, akarudi na viatu vya kahawia, soli ya kushoto ikining'inia.

"Nilimwendea mtu wa watu na sura imekunjamana," akasema. "Mimi naona haya kwenda mwenyewe leo. Nipelekee. Mwambie nitakuja kuvichukua, na nitaingia ndani nikae."

Nilivipeleka. Fundi alivipokea, akakikunja kiatu kimoja, akakitazama chini kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nilimpa ule ujumbe neno kwa neno, bila kuongeza langu hata moja. Akaviweka kwenye rafu, katika nafasi ya kwanza kati ya zile tatu.

"Mwambie Jumatano vitakuwa tayari," akasema. Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa kwanza unywe maji. Umetembea sana leo."